Sumu Ikishaingia Topeni

Kazi yangu ni kupokea tope. Linafika maabara asubuhi, limefungwa kwenye chupa za kioo ndani ya masanduku ya barafu, kila chupa na karatasi yake: limechotwa wapi, kina gani, saa ngapi, na nani. Nahakiki, natia sahihi, naziweka chupa kwenye friji. Maabara yetu iko Massachusetts, kaskazini-mashariki mwa Marekani, pande ambazo viwanda vilianza zamani na kufa zamani, na vilipokufa viliacha madeni yao chini ya mito na bandari. Nyumbani Likoni wakiniuliza nafanya kazi gani huku, jibu langu ni fupi: napima matope. Bibi yangu aliposikia hivyo mara ya kwanza aliuliza kama ada zote zile zililipwa kwa ajili ya hayo.

Swali ninaloulizwa zaidi, tena na watu waliosoma, ni hili: kama mna mashine ya kuiona sumu hadi chembe ya mwisho, mnashindwaje kuitoa? Ni swali la haki. Nitalijibu kwa kusimulia bandari moja, New Bedford, kwa sababu pale karibu kila njia ya kemia iliwahi kuletwa, ikajaribiwa kwenye tope lenyewe, na mwisho wa yote yakaamuliwa mambo mengine kabisa.

New Bedford ni mji wa wavuvi. Karne ya 19 uliishi kwa nyangumi, na meli zake zilifika hadi Bahari ya Hindi. Nyingine zilitia nanga Unguja kuchukua maji na chakula. Siku hizi unaishi kwa makombe ya baharini, na kwa miaka mingi mfululizo imehesabiwa kuwa bandari ya kwanza Marekani kwa thamani ya mzigo wa baharini unaoshushwa. Lakini makombe hayo yanavuliwa mbali, bahari kuu. Ndani ya bandari yenyewe hali ni nyingine. Tangu 1979 serikali ya jimbo ilifunga uvuvi wa ndani, na ukitembea ufukweni utakuta mabango ya kukataza kwa Kiingereza, Kireno na Kihispania, maana Wareno na watu wa Cape Verde ni wengi mjini, na wengi wao walizoea kuvua kitoweo chao wenyewe jioni baada ya kazi.

Chanzo ni viwanda viwili vya kapasita, vile vifaa vidogo vya kuhifadhi chaji ndani ya vyombo vya umeme. Aerovox kilikuwa juu, kando ya mto Acushnet unaoingia bandarini. Cornell-Dubilier kilikuwa chini zaidi, upande wa bahari ya nje. Kuanzia miaka ya 1940 hadi ya 1970 walijaza kapasita zao mafuta yanayoitwa PCB, na mabaki yakaenda majini. Yalikuwa mafuta yaliyopendwa na kila fundi wa umeme: hayashiki moto kirahisi, hayapitishi umeme, hayachakai. Marekani yalitengenezwa, hasa na Monsanto, kuanzia 1929 hadi 1977.

Ukilifungua jina hilo kikemia, ni pete mbili za kaboni zilizoshikana, na pembezoni mwake zimebandikwa atomu za klorini, kuanzia moja hadi kumi. Mipangilio inayowezekana ni 209. Klorini ndiyo inayompa fundi raha yake, na klorini hiyohiyo ndiyo inayolishinda ini la samaki na la binadamu kuyavunja, hivyo yanajilimbikiza kwenye mafuta ya mwili mwaka hadi mwaka. Mwaka 2013 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliyaweka kwenye kundi la kwanza, kundi la vitu ambavyo hakuna tena ubishi kwamba vinaleta saratani kwa binadamu. Kwa hiyo kazi nzima ya kemia hapa, ukiondoa maneno mengi, ni moja: kuing'oa klorini kutoka kwenye zile pete.

Karibu na Aerovox tope lilipimwa likakutwa na zaidi ya sehemu 100,000 za PCB kwa milioni. Maana yake, katika kila kilo ya tope kavu, gramu 100 na zaidi zilikuwa PCB tupu. Lengo lililowekwa baadaye kwa sehemu hiyo ya juu ya bandari lilikuwa sehemu 10 kwa milioni. Shika tarakimu hizo mbili, tutazirudia.

Niwaonyeshe kwanza tunavyofanya sisi mezani, ndipo hayo makubwa yaeleweke.

Ukifungua chupa ya tope la bandari kinachokupokea ni harufu ya yai viza. Ni salfa, kwa sababu chini kule hakuna hewa na vijidudu vinaishi kwa kupumulia chumvi za salfa. Tope ni jeusi, linateleza, linang'ang'ania kijiko. Napima gramu 10. Kisha namwagia unga mweupe wa salfeti ya sodiamu iliyokaushwa, kazi yake kunywa maji, nakoroga, naongeza, nakoroga, mpaka tope linaacha kushikana na kuanza kumwagika lenyewe. Hatua hii watoto wapya maabara huiharakisha, na ndiyo hatua isiyotaka haraka: likibaki na maji, kiyeyushi hakipenyi, na matokeo yote yanakuwa ya uongo. Baada ya hapo tope linaingia kwenye kikopo cha karatasi nene, kikopo kwenye chombo cha kioo, na chini yake chupa ya heksani na asetoni nusu kwa nusu inachemka taratibu. Mvuke unapanda, unapozwa, unadondoka juu ya tope, unajaa, halafu wote unanyonywa na kushuka kwenye chupa kwa mkupuo mmoja. Inaanza upya. Inafanya hivyo usiku kucha, saa 16 kwa uchache.

Asubuhi nina kimiminika cha rangi ya chai, na bado hakifai. Salfa imekuja nayo. Natia chembe za shaba zilizosafishwa zikang'aa nyekundu. Zinanyonya salfa na kugeuka nyeusi tii mbele ya macho yako. Zikiisha kugeuka zote, natia nyingine, mpaka zibaki nyekundu. Halafu namimina asidi kali ya salfuriki, ile inayotoboa koti la maabara, iunguze mafuta mengine yote yaliyokuja njiani. Inayaunguza. PCB haizigusi. Mgeni akitutembelea maabara namwonyesha hatua hiyo, maana inaeleza kila kitu kuhusu adui tuliye naye: umemwagia asidi kali kuliko zote tulizo nazo rafuni, na imemsafishia njia tu. Mwisho ndiyo mashine, mrija wa mita 30 uliozungushwa ndani ya oveni, na kwenye skrini vinatokea vilele vya PCB kimoja baada ya kingine. Aliyezoea anautambua mchanganyiko wa kiwanda kwa kuutazama tu.

Sasa piga hesabu. Gramu 10 za tope zimekula karibu mililita 300 za kiyeyushi, chumvi ya kukaushia yenye uzito kuliko tope lenyewe, shaba, asidi na usiku mzima wa umeme. Na hapo sijaiharibu PCB hata moja, nimeihamisha tu kutoka topeni hadi chupani. New Bedford walikadiriwa kuwa na karibu mita za ujazo 700,000 za tope la kushughulikiwa.

Pamoja na hayo, watu walijaribu, na baadhi ya majaribio yalikuwa ya akili sana. Mwaka 1988 kampuni iitwayo CF Systems ilileta mtambo wake bandarini chini ya mpango wa EPA, shirika la serikali ya Marekani la kulinda mazingira. Kiyeyushi chao kilikuwa propani na butani, yaani gesi ileile ya kupikia iliyomo kwenye mtungi jikoni kwako, iliyogandamizwa mpaka ikawa kimiminika. Uzuri wa gesi hiyo ni kwamba ukishaichanganya na tope na ikabeba PCB, unalegeza mgandamizo tu, inarudi kuwa gesi na kwenda zake, unabaki na mafuta machafu machache kwenye chombo kimoja. Gesi unaikusanya, unaigandamiza, unaitumia tena. Walipitisha tope lilelile mara nyingi, na kwa tope lenye sehemu 360 hadi 2,575 kwa milioni waliondoa kati ya asilimia 90 na 98.

Inapendeza. Lakini rudi kwenye zile tarakimu mbili. Ukiwa na tope la sehemu 100,000 na ukaondoa asilimia 98, umebakiwa na 2,000. Bado uko mbali na 10. Na jambo la pili, ambalo mtu wa maabara analielewa haraka kuliko mtu wa ofisini: tope liligoma. Lilijificha kwenye mabomba na viungo vya mtambo, likitoka kwenye duru iliyofuata na kuvuruga vipimo, na matangi ya kupokelea yakajaa povu. Propani haikuwa na kosa. Waliposhindwa ni kwenye udongo mfinyanzi.

Njia nyingine ya aina hiyo ilitumia trietilamini, kiyeyushi chenye tabia ya ajabu: kikiwa baridi kinachanganyika na maji kabisa, ukikipasha joto kidogo kinajitenga. Kwa hiyo unakiingiza baridi, kinayabeba maji na mafuta kwa pamoja, kisha unakipasha na maji yanajitenga yenyewe. Walikijaribu mwaka 1992 kwenye tope la mto Grand Calumet, huko Gary, Indiana, na PCB zilitoka kwa zaidi ya asilimia 99. Kinanuka samaki aliyeoza. Niliwahi kufungua chupa yake nje ya kabati la hewa kwa sekunde chache na chumba kizima kilinijua siku hiyo.

Ami yangu alifanya kazi bandarini Kilindini mpaka akastaafu, na tope la bandari analijua kuliko mimi. Nilimsimulia haya kwenye simu, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa mwanangu, tabu yote hiyo ya nini? Si lianikwe likauke, lichomwe?"

"Ami, walitaka hivyohivyo."

Ndivyo. Mwaka 1990 EPA iliamua kwamba lile tope baya kuliko yote, eneo dogo karibu na Aerovox lililobeba karibu nusu ya PCB zote za bandari, lichotwe na kuchomwa palepale mjini kwa tanuri. Kitaalamu tanuri linaweza. Sheria ya Marekani inadai liharibu PCB kwa asilimia 99.9999, na moto wa zaidi ya nyuzi 1,000 unafika huko ukiendeshwa sawasawa. Shida iko kwenye hayo maneno mawili ya mwisho. Moto ukilegea, PCB hazifi, zinageuka furani, ndugu wa dioksini, sumu kali kuliko zilizokuwepo. Na wakazi wa mitaa ile walikuwa watu walioishi miongo kadhaa wakiambiwa na wenye viwanda kwamba kila kitu kinaendeshwa sawasawa. Wakakataa. Walipinga kwa miaka, wakaandamana, wakawavuta wanasiasa wao, mpaka EPA ikaliacha tanuri. Wapo wanakemia wenzangu ambao hadi leo husema wananchi walitishwa na hofu isiyo na msingi. Mimi naona walisoma vizuri. Tanuri zuri karatasini na tanuri linaloendeshwa usiku wa manane na zamu iliyochoka ni vitu viwili.

Kati ya 1994 na 1995 tope lile lilichotwa, kiasi cha mita za ujazo 10,700, likawekwa kwenye bwawa lililotandikwa plastiki na kufunikwa, pembeni ya mtaa wa Sawyer. Sumu ikawa imekamatwa, imefungiwa, inasubiri hukumu. Na sasa ndipo kemia ilipopewa nafasi yake ya kweli, maana EPA ilialika njia mbadala zije zijaribiwe kwenye tope hilohilo: kiyeyushi kikifuatiwa na kemikali ya kung'oa klorini, kupasha tope mpaka PCB zigeuke mvuke, kisha kuuvunja mvuke huo kwa haidrojeni, na kuliyeyusha tope lote kwa umeme mpaka liwe kioo.

Ya haidrojeni ilitoka Canada, kwa kampuni iitwayo Eco Logic, na ilikwishajaribiwa mwaka 1991 kwenye bandari ya Hamilton, Ontario. Kwenye joto la karibu nyuzi 850 na zaidi, pasipo oksijeni, haidrojeni inaibandua klorini na kuzivunja pete, unabaki na methani na asidi ya haidrokloriki. Kwa kuwa oksijeni haimo, furani na dioksini hazipati pa kuzaliwa. Kwangu mimi hiyo ndiyo njia safi kuliko zote zilizofika pale. Lakini jaribu kwenda mtaani kuwaambia watu waliokataa tanuri kwamba sasa unaleta tangi la haidrojeni ya moto.

Njia za kung'oa klorini kwa kemikali ziko kadhaa. Ya zamani ni kupika tope na potasi kali pamoja na glaikoli. Inayonivutia zaidi ni ya sodiamu. Chukua amonia, si ile ya kusafishia sakafu bali amonia tupu iliyopozwa au kugandamizwa ikawa kimiminika, tia kipande cha sodiamu. Kinayeyuka, na amonia isiyo na rangi inageuka bluu iliyokolea, bluu ya wino. Rangi hiyo ni elektroni zenyewe, zimetoka kwenye sodiamu na zinaelea bila mwenyewe. Tia PCB humo na elektroni zinairukia klorini; klorini inaondoka na sodiamu, wanakuwa chumvi ya mezani. Bluu inafifia. Mwitikio unakwisha kwa dakika, si kwa saa, na hautaki moto. Mara ya kwanza kuuona nilikuwa chuoni, na sidhani nitaacha kuupenda.

Ila sodiamu ina njaa na maji kuliko ilivyo na njaa na klorini. Gramu 18 za maji zinatosha kumaliza gramu 23 za sodiamu, kwa hiyo kilo moja tu ya maji inaweza kumeza zaidi ya kilo moja na robo ya sodiamu kabla PCB haijapata chochote. Tope la bandari mara nyingi zaidi ya nusu yake ni maji. Lazima ulikaushe kwanza, ulikaushe kwelikweli, na kulikausha tope la chumvi lenye mfinyanzi ni gharama kubwa kuliko sodiamu yenyewe. Ni ileile hatua ya unga mweupe mezani kwangu, ila kwa maelfu ya tani.

Kuna pia wanaouliza kuhusu peroksidi, kwa kuwa mchanganyiko wake na chuma, uliogunduliwa na Henry Fenton karne ya 19, unasafisha maji machafu ya viwandani vizuri sana. Topeni unasambaratika. Tope limejaa mabaki ya mimea, salfa na takataka za uhai wa karne nyingi, na peroksidi haichagui, inakula vyote. Ikifika kwa PCB iliyojificha ndani ya chembe ya mkaa au ya mafuta, imekwisha nguvu.

Uamuzi ulitoka Aprili 1999. Hakuna hata njia moja iliyochaguliwa. Tope la kwenye bwawa lilikamuliwa maji na kupelekwa mbali, kwenye dampo lenye leseni ya taka za PCB, na hadi Mei 2000 lilikuwa limekwisha kuondoka. Sababu zilikuwa pesa, muda, na uchovu wa watu ambao walishasubiri vya kutosha. Sina ugomvi na uamuzi ule kama uamuzi wa mji. Kinachonikera ni kuusikia ukiitwa usafishaji wa sumu. Klorini ipo palepale ilipobandikwa na Monsanto, imebadilisha anwani.

Kazi kubwa ya bandari nzima ilianza 2004 na ilifuata mtindo huohuo. Meli ya kuchota ilinyonya tope na maji, bomba likapeleka mtambo wa kuchuja mchanga, bomba jingine likapeleka jengo la kukamulia karibu na barabara iliyopewa jina la Herman Melville, mwandishi wa nyangumi. Hapo ndipo kemia ilipata kibarua chake cha kudumu: polima iliyotiwa ili chembe za mfinyanzi zishikane, na mkaa maalumu wenye vitundu vingi wa kuchujia maji kabla hayajarudishwa bandarini. Mashinikizo makubwa yakakamua, yakadondosha mikate ya tope, mikate ikapakiwa na kusafirishwa hadi dampo la Belleville, Michigan. Kiwanda cha Aerovox kilikuwa barabara ya Belleville. Sijui kama kuna aliyecheka.

Kwa bajeti ya dola milioni 15 kwa mwaka, ambayo ilitosha kuchota kwa wiki chache tu kila mwaka, ilikadiriwa kazi ingechukua miaka 40. Mwaka 2012 kampuni ya AVX, iliyorithi madeni ya Aerovox, ilikubali kulipa dola milioni 366.25, na kasi ikapanda. Uchotaji wa chini ya maji ulimalizika 2020. Sehemu ya tope la bandari ya chini halikwenda popote: lilichimbiwa shimo chini ya bandari yenyewe, likatiwa humo, likafunikwa kwa udongo safi.

Viumbe wa pale hawakutusubiri. Kuna dagaa mmoja mnene wa mabwawa ya chumvi, mummichog kwa jina la huko, ambaye watafiti wa EPA wa Narragansett walimkuta akizaliana New Bedford kwenye kiwango cha PCB ambacho kingeua mayai ya ndugu zake wa pwani safi. Amerithisha mabadiliko kwenye vinasaba vinavyopokea ishara ya sumu, hivyo mwili wake hauitikii. Yeye haumwi. Samaki mkubwa anayemla yeye ndiye anayeubeba mzigo, na baada ya samaki, anayeshika ndoana.

Njia ambayo naiona ikishika kasi sasa ni ya kuliacha tope chini na kulitilia mkaa ule wa vitundu, asilimia chache tu ya uzito wake, ili ushike PCB zisiingie kwenye minyoo na kupanda hadi kwa samaki. Watu wa chuo kikuu cha Stanford waliifanyia majaribio Hunters Point, San Francisco. Inafanya kazi, ni nafuu, na haivunji molekuli hata moja. Tumekubali kuishi na adui, tumemfunga kamba tu.

Kwa nini nawaandikia haya kwa Kiswahili? Kwa sababu sodiamu ile iliyoshindwa na tope haijashindwa na mafuta. Mafuta ya transfoma ni makavu. Ukisambaza chembe za sodiamu ndani yake na kupasha kidogo, klorini inatoka, chumvi inazama. Kitakyushu, Japani, kiwanda cha serikali kilianza 2004 kuharibu mafuta ya PCB kwa sodiamu, na huko hakuna bandari iliyobidi ikamuliwe ili kazi hiyo ifanyike. PCB ikiwa bado kwenye mkebe kemia inaimaliza. Ikimwagika ikaingia udongoni, ikasombwa na mvua hadi mkondo na hadi mkokoni, umeingia kwenye hesabu za New Bedford, na nimekwisha kuwaonyesha zinavyokwenda.

Kenya na Tanzania zote ni wanachama wa mkataba wa Stockholm, unaotaka vyombo vyenye PCB viwe vimeondolewa kwenye matumizi ifikapo 2025, na taka zake ziwe zimeshughulikiwa ifikapo 2028. Transfoma za kizamani bado zipo nguzoni na kwenye karakana. Na sote tunajua mafuta yake yanavyoibwa: ya kukaangia chipsi, ya kuchomelea vyuma, ya kupaka vidonda. Si kila transfoma ina PCB, nyingi hazina, lakini kwa macho, kwa pua au kwa ulimi huwezi kuzitofautisha.

Kwa hiyo, kwa mafundi mnaonisoma: kipo kipimo kidogo cha mkononi, mirija miwili ya plastiki yenye vidonge vya kioo vya kuvunja ndani yake. Unatia mafuta kidogo, unavunja kidonge cha sodiamu, unatikisa kwa dakika moja, kisha unaongeza maji ya mrija wa pili na kuvunja vilivyobaki kwa mpangilio ulioandikwa. Ikibaki zambarau, klorini ni ndogo na mafuta yako yako chini ya sehemu 50 kwa milioni. Ikipauka au kuwa njano, usiyamwage, usiyauze, funga mkebe. Kipimo hicho kinaona klorini yoyote, si ya PCB peke yake, kwa hiyo hata mkebe uliowahi kutiwa dawa ya kusafishia mashine unaweza kukudanganya. Ndipo mafuta yanapoletwa kwa watu kama mimi, kwenye chupa ya kioo, na karatasi yake imejazwa sawasawa tafadhali: transfoma namba ngapi, imetengenezwa mwaka gani, na nani aliyechota.